Ngiri Aliyetaka Joto na Baridi

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye baridi?
Asogee!
Mwenye joto?
Atupishe!

Haya, tusikilizane. Hapo kale, huko milimani, Bi Nguchiro na wanawe watatu waliishi ndani ya kichuguu. Nyumba ndogo, mlango mwembamba, lakini ilikuwa na kitu ambacho hata Tembo hakuwa nacho: pampu ya joto. Mafundi Mchwa ndio waliomfungia, kwa kuwa aliwafukuzia nyoka. Naye aliwaahidi kwamba hatawala tena, na ahadi hiyo aliitimiza karibu yote.

Pampu ile haikuwasha moto. Kazi yake ilikuwa kuhamisha joto tu. Ilikuwa na midomo miwili, mmoja chumbani ndani kabisa, mwingine nje, mbele ya mlango. Mpini wake ulikuwa nje, kando ya mlango. Kipupwe kikija, Bi Nguchiro alishusha mpini. Fuu! Pampu ikavuta joto la nje na kulipuliza ndani, na mdomo wa nje ukatema baridi. Kiangazi kikija, alipandisha mpini. Fuu! Joto la ndani likatupwa nje, chumba kikawa baridi.

"Lakini mama, nje kwenyewe kuna baridi, joto linatoka wapi?" wanawe walimuuliza.

"Lipo, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba."

Asubuhi moja ya kipupwe, umande umeganda majanini, kishindo kikasikika: gudu, gudu, gudu! Ni Ngiri, pembe nje, tumbo mbele.

"Tokeni! Nyumba hii sasa ni yangu."

"Mzee Ngiri, watoto wangu watakufa kwa baridi!"

"Wakimbiekimbie, watapata joto. Nasikia humu kipupwe ni joto na kiangazi ni baridi. Mimi navitaka vyote."

Bi Nguchiro alitoka na wanawe, akawatazama wakitetemeka, tetete, tetete. Alitamani kulia. Ila alikumbuka jambo moja: ngiri haingii shimoni kama watu wengine. Ngiri huingia kinyumenyume, ili pembe zibaki mlangoni.

"Sawa, Mzee," akasema kwa adabu. "Lakini kwa nini usubiri kiangazi? Ukitaka, nitakupa joto na baridi, vyote leo leo."

"Leo leo?"

"Saa hii hii. Wewe ingia tu, jinsi mlivyozoea kwenu."

Ngiri akageuka, akatanguliza matako. Akajisukuma. Akajisukuma tena. Kwaa! Tumbo likakwama mlangoni, matako yakaelekea mdomo wa ndani, pua ikaelekea mdomo wa nje.

"Raha iko wapi?" akafoka.

"Inakuja, Mzee." Bi Nguchiro akashusha mpini hadi mwisho. Fuu!

"Ooo, joto!" Ngiri akafumba macho. Kisha akayafumbua. "Mama we! Matako yanaungua! Na pua inaganda! Geuza!"

"Nageuza, Mzee." Akapandisha mpini. Fuu!

"Mama we! Pua inaungua! Na matako yanaganda! Geuza!"

"Nageuza, Mzee." Fuu!

Akageuza mara ya tatu, mara ya nne, mara ya saba. Watoto walicheka mpaka wakasahau kutetemeka.

"Niondolee vyote!" Ngiri akalia. "Sitaki joto, sitaki baridi!"

"Na nyumba, Mzee?"

"Nyumba ni yako! Na ya wanao! Na ya wajukuu!"

"Haya, pampu imetosha." Bi Nguchiro akaizima. Ngiri akavuta pumzi, akajikunja, akajitoa: puu! Akakimbia, mkia juu, na hadi leo ngiri anakimbia mkia juu, anaupunga upoe.

Bi Nguchiro akawaingiza wanawe, akashusha mpini polepole. Fuu. Wakalala.

Hadithi yangu nimeitua. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu niachieni mwenyewe.

Na funzo lake, wanangu, ni ukarimu. Mgeni akija kuichukua nyumba yako, usimfukuze, ni utovu wa adabu. Mpe joto, mpe baridi, mpe kila alichoomba, na usichoke kumhudumia mpaka aage mwenyewe.