Sikio la Mama Ratiba

Wahenga hawakusema kwamba upofu ni jambo dogo. Walichosema ni kwamba macho yakifa mtu hupoteza nuru, lakini moyo ukifa hupoteza hata njia aliyoizoea. Anayetaka ushahidi wa maneno hayo na amsikie mtayarishaji mmoja wa filamu, mwanamke ambaye wenzake kazini walimbandika jina la Mama Ratiba.

Jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Filamu yake ya sita ilihusu mama na binti waliofanya kazi katika kiwanda cha kufulia nguo. Yeye ndiye aliyeipenda hadithi hiyo ikiwa kurasa nne tu, akamtafuta mwandishi, akamchagua mwongozaji na waigizaji, akabisha hodi kiwandani mara saba kuomba kupigia picha humo mpaka meneja akachoka kukataa. Watu walipomuuliza kazi ya mtayarishaji ni nini hasa, maana hashiki kamera wala haonekani kwenye picha, aliwajibu kuwa ni kama ya mwenye shughuli: wageni wakila wakashiba hakuna anayemkumbuka; chumvi ikizidi, ndipo wanapomtafuta.

Siku ya kumi na moja ya kupiga picha, karatasi ya ratiba ilimgeukia ukungu mkononi. Daktari hakumung'unya maneno. Presha ya macho ilikuwa imekwisha kula mishipa, na kilichopotea hakingerudi. Haikupita wiki mbili, akawa anatofautisha dirisha na ukuta tu.

Mwenyekiti wa kampuni alikuja nyumbani kumpa pole. Alizungukazunguka kwa maneno ya upole, kisha akatua: filamu ingekabidhiwa mtu mwingine, naye apumzike.  Kwa muda Mama Ratiba alitamani kukubali, kwani kupumzika ni neno tamu kwa aliyevunjika. Kisha akainua uso.

"Mwenyekiti, umewahi kuniona nimeshika kamera?"

"Hapana."

"Basi kazi yangu haikuwa machoni. Nipe wiki moja. Nikishindwa, nitamkabidhi huyo mtu faili kwa mikono yangu."

Kesho yake aliingia kiwandani ameshika kiwiko cha mdogo wake, akakuta mambo shaghalabaghala. Mwigizaji mkongwe aliyecheza mama alikuwa ameharibu onyesho moja mara tisa. Mwongozaji alidai bibi ana kiburi. Bibi alidai mwongozaji hana adabu. Ilishapendekezwa onyesho lifutwe, ilhali ndilo lililokuwa roho ya filamu.

Mama Ratiba hakumlaumu yeyote. Aliomba lirudiwe, akaketi, akainamisha kichwa. Mara ya kwanza alisikia maneno. Mara ya pili alisikia pumzi. Kila mashine ziliponguruma, mkongwe alichelewa kujibu, na alipojibu alikuwa akibahatisha.

Akamwomba wakae wawili tu nyuma ya mashuka yaliyoanikwa.

"Shangazi, sikio lilianza kukusumbua lini?"

Mkongwe aligusa sikio lake. "Mwaka jana, hili la kushoto. Wakijua, nani ataniita tena kazini?"

"Mimi. Mimi sioni, wewe husikii upande mmoja. Tukijumlishwa tunatoka mtu mzima mmoja, na kinabaki cha kuwaazima wengine."

Mkongwe alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Siri ile haikutoka nyuma ya mashuka. Mama Ratiba alimwambia mwongozaji tu kwamba ngurumo inameza maneno: mashine zizimwe, sauti ya mashine hizo irekodiwe kando na kupachikwa baadaye, na binti asimame upande wa kulia wa mama. Mwongozaji alinuna, lakini akajaribu. Safari ya kumi na mbili onyesho lilipita kama maji mteremkoni. Kamera ilipozimwa, mpiga picha alisikika akipenga kamasi. Mwongozaji akamwendea mkongwe, akamwomba radhi bila kutumwa.

Kazi ilikamilika siku moja kabla ya tarehe iliyopangwa. Alasiri ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Onyesho lile lilipofika, Mama Ratiba alisikia watu mia nne wakizuia pumzi kwa pamoja. Filamu ilipokwisha, viti viligongana kwa watu kusimama, makofi yakarindima mpaka sakafu ikamtetemesha nyayo. Upande huu alishikwa mkono na mdogo wake, upande ule na mkongwe, na yeye akalia bila kuona haya.

Mwenyekiti alipanda jukwaani. "Nilitaka kumpumzisha mwanamke huyu," alisema mbele ya wote. "Kumbe nilikuwa naizika filamu." Kisha akatangaza kwamba filamu inayofuata ni ya Mama Ratiba, na hakuna wa kumpokonya.

Makofi yalikuwa hayajatulia Mama Ratiba alipomwinamia mdogo wake, akamwambia aandike kikao cha kwanza Jumatatu, saa mbili asubuhi, na atakayechelewa asidhani hataonekana. Hakika, heri kufa macho kuliko kufa moyo.