Ngiri, Pimbi na Kodi ya Matita Manane

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walipanga nyumba na kuchemsha chai kama sisi, Nyati alikuwa na nyumba ya mawe juu ya kilima. Mnaijua kodi yake? Shilingi hakuzitaka. Kila mwezi ulipoandama alidai matita manane ya majani mabichi, laini, yasiyo na mwiba hata mmoja!

Pimbi aliitamani nyumba ile. Alikuwa mdogo wa kuenea kapuni, ana watoto watatu wachanga, na masika ilikuwa imekaribia. Lakini matita manane angeyatoa wapi?

Ngiri, jitu zima lenye shingo nene, akamwambia, "Dada Pimbi, tupange pamoja. Manne wewe, manne mimi. Kuna tabu hapo?"

"Hakuna, Kaka Ngiri!"

Mkataba siku zile ulikuwa unyayo kwenye udongo wa ukutani. Ngiri akaweka wake, pwaa! Pimbi akaweka wake, pwi! Hakuuliza hata neno moja.

Nyati akacheka puani. "Vizuri. Nyayo mbili, mpangaji mmoja. Habari za manne manne ni zenu wenyewe. Mimi nikija, nitakayemkuta atanipa yote manane. Likipungua hata moja, wote nje!"

Pimbi akageuka upesi. Alitazama ukutani, unyayo wake umeshaingia barabara.

Mwezi wa kwanza ulipoandama, Ngiri akaingia mitini. "Shangazi yangu anaumwa!" Mwezi wa pili, akaingia mitini tena. "Shangazi amefariki!" Nyati alipokuja alimkuta Pimbi peke yake, na mara zote mbili Pimbi alikata matita manane, akayabeba moja moja mpaka manyoya ya mgongoni yakanyonyoka. Watoto walilia njaa siku nzima. Jamani, alichukia! Alimchukia Ngiri, na kwa ajili ya unyayo ule alijichukia mwenyewe zaidi.

"Mwezi wa tatu siwezi," akajisemea. "Nikijaribu nitakufa, nisipojaribu watoto watalala mvuani. Lazima Nyati amkute Ngiri."

Siku moja Ngiri akaja mkia juu, anachekacheka. "Dada, mwenzio nimependa! Binti wa Mzee Mapembe, ng'ambo ya mto. Nakuomba uwe mshenga wangu."

"Mimi tena? Niachie!"

Tititi, tititi, Pimbi huyo mpaka kwa Mzee Mapembe, ngiri mkongwe mwenye mapembe yaliyojikunja mpaka machoni.

"Mwanangu simtoi kwa mtu asiye na kwake," mzee akasema. "Nitakuja nijionee."

"Karibu sana, baba. Njoo asubuhi, mwezi ukishaandama."

Ngiri alipotajiwa siku ya ugeni huo, akaruka. "Siku hiyo? Ala! Siku hiyo nampeleka shangazi kwa mganga!"

"Si ulishamzika?"

"Aa... eeh. Ndiyo."

"Basi nimwambie mzee asije? Nasikia kuna kijana mwingine kashaanza kupeleka salamu."

"Aje! Aje!" Ngiri akapiga hesabu kichwani. Nyati huja jua la utosini, mkwe atakuwa ameshaondoka, naye atapata nafasi ya kukimbia. "Ila usimwambie tunachangia nyumba. Wewe siku hiyo ni mgeni wangu tu."

"Sawa, kaka. Mimi mgeni."

Siku ikafika. Mzee Mapembe akaketi, akatazama dari, akatazama kuta.

"Nyumba hii unakaa na nani, kijana?"

"Peke yangu, mzee! Huyu Pimbi ni mgeni."

"Na kodi?"

"Natoa mwenyewe, yote. Sijawahi kusaidiwa na mtu!"

Pimbi akamimina chai. Mzee akimaliza kikombe, Pimbi anaongeza. "Hebu tuambie, baba, ulivyopigana na chui." Mzee akasimulia weee! Ngiri anatazama jua, jasho linamtoka.

Gu! Gu! Gu! "Hodi! Kodi yangu!"

Mlango wote ukajaa pembe za Nyati. Kwa mazoea akamgeukia Pimbi. "Haya, wewe. Manane."

"Samahani, mzee," Pimbi akasema kwa adabu. "Mimi hapa mgeni. Mwenye kupanga huyo hapo."

Ngiri akafungua mdomo. Mzee Mapembe alikuwa anamtazama. Akaufunga.

"Eti ni wewe?" Nyati akanguruma.

"Ndi... ndi... ndiyo, mzee. Ni mimi peke yangu."

"Basi majani yako wapi?"

Ngiri akatoka mbio bondeni. Fyeka, funga, beba! Fyeka, funga, beba! Mzee Mapembe akafurahi mpaka akapiga makofi. "Mkwe ana mgongo huyu! Nitakuwa nakuja kila mwezi kumtazama."

Pimbi hakungoja. "Mzee Nyati, shahidi yupo, mwenyewe kakiri. Unyayo wangu unafanya nini ukutani?"

Nyati, mdomo umejaa majani, akaufuta kwa kwato. Fyaa!

"Na ule ufa mwambani nyuma ya nyumba, unaupangisha?"

"Ufa? Hata pua yangu haiingii! Haya, tita moja."

"Moja langu mimi. Mwingine akikimbia, hubishi hodi kwangu?"

"Sibishi."

"Sema mbele ya Mzee Mapembe."

Nyati akasema. Hapo ndipo Pimbi alipoweka unyayo, pwi! Jioni ile mvua ikamwagika, na watoto watatu walikuwa wamelala ndani ya ufa wao, wakavu.

Ngiri alipopanda na tita la nane, ulimi nje, akanong'ona, "Dada Pimbi... na yale manne yako?"

"Manne yapi, kaka? Mimi mgeni."

Basi wanangu, anayeweka unyayo wake pamoja na wa mwenzake amebeba mzigo wa wote wawili, kwa hiyo na aulize kabla udongo haujakauka.