Kura ya Mwalimu Mihayo

Kaeni vizuri. Mwenye jibu alishike mpaka mwisho, maana hadithi hii haikuja na jibu lake.

Waliokuwapo katika chumba cha Darasa la Saba, Shule ya Msingi Mwankoba, Jumatatu ya kikao, ni hawa. Alikuwapo Mheshimiwa Tausi Kapamba, diwani wa kata, ambaye kipaji chake kilikuwa kumaliza mikutano. Alikuwapo Mwalimu Leonidas Sizya Mihayo, mstaafu, ambaye kipaji chake kilikuwa kutunga. Alikuwapo Bwana Faraji Mkwizu, mtengenezaji filamu kutoka Dar es Salaam, ambaye kipaji chake kilikuwa kuonyesha. Alikuwapo Ramadhani Kashindye, mwenye kibanda cha video pale sokoni, ambaye kipaji chake kilikuwa kusema. Na alikuwapo Getruda Nkwabi, mwanafunzi wa darasa hilohilo, ambaye kipaji chake kilikuwa kukimbia. Hakuna aliyeitwa akakosa kufika, na hakuna aliyefika bila kuitwa.

Shauri lilikuwa moja. Uwanja wa michezo wa kata ulikuwa haujapata jina, na halmashauri ilitaka upewe jina la mtu aliyeikomesha desturi ya ndoo. Jina moja tu, alisema diwani, kwa sababu uwanja wenye majina manne hauitwi na mtu yeyote.

Desturi ya ndoo ilikuwa hivi. Katika mashindano ya shule za kata, shule ambayo msichana wake alishika mkia katika mbio ndefu ilipewa adhabu ya kuwachotea maji walimu wa shule iliyoshinda, mpaka mashindano mengine yafike. Waliochota ni wasichana. Walimu waliiona ni motisha. Wazazi waliona ni mchezo tu. Mwaka huu desturi hiyo ilikufa mbele ya macho ya watu wote, na waliotia mkono katika kuiua ni wanne.

Wa kwanza ni Mwalimu Mihayo. Alipokuwa bado kijana anafundisha, aliwaona wasichana wakipita na ndoo kichwani wakati wenzao wako darasani, akakaa kimya, kama ilivyo tabia yake, akaandika hadithi. Aliiweka katika nchi isiyo na jina na wakati ambao haujafika, ili afisa elimu asijione ndani yake. Katika nchi hiyo mvua imekoma, na maji yako chini ya wakubwa. Kila mwaka kila mtaa hutoa msichana wa kukimbia, na mtaa wa atakayefika mwisho hufungiwa maji mwaka mzima. Watazamaji husimama nje wameupa uwanja mgongo, wakisikiliza kipaza sauti tu, kwa kuwa kuona kumekatazwa. Basi Mbuke, mwenye mbio kuliko wote, anafika hatua chache kabla ya mstari, anaketi chini. Wenzake wanamfikia mmoja mmoja, nao wanaketi. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Wakubwa wanakasirika, wanaifungia maji mitaa yote. Hadithi inaishia hapo: watu wote wana kiu, lakini wamegeuka, wanautazama uwanja. Kitabu kilichapwa mara moja. Nakala nyingi zililiwa na mchwa katika stoo ya shule.

Wa pili ni Bwana Mkwizu. Alikikuta kitabu katika maktaba ya chuo, akatafuta wafadhili Ulaya, akauza kiwanja chake cha Kibaha pale wafadhili walipochoka, akatengeneza filamu. Aliifanya kwa Kiingereza ili iuzike nje. Mbuke akawa Maya, mwanamke mzima mwenye nywele za kununua na mpenzi ambaye ndiye kocha wake. Watazamaji waliingizwa uwanjani wakapakwa rangi usoni, wakapewa bendera. Maya hakuketi. Alikimbia, akashinda, mabomba yakapasuka kwa furaha ambayo hakuna aliyeieleza, na Maya na kocha wake wakacheza muziki majini. Mtaa ulioshika mkia haukutajwa tena. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba wazo lilitokana na Leonard Mihayo.

Mwalimu Mihayo, ambaye ni Leonidas, aliitazama filamu hiyo mara moja, kwa mpwa wake. Mpwa alipomwuliza ameionaje, alijibu kwamba ameona watu wengi wakilowa. Jina la filamu lile la Kiingereza hajawahi kulitamka.

Wa tatu ni Kashindye. Filamu ilipofika sokoni Mwankoba katika santuri za video zilizonakiliwa mitaani, hakuna aliyeielewa, na kazi ya Kashindye ni hiyo: hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti, huwasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wake kwa waume, na mbwa akiwapo humsemea pia. Kiingereza chake ni cha kubahatisha. Lakini hadithi aliijua, kwa kuwa Mwalimu Mihayo aliwasomea darasani alipokuwa mtoto. Kashindye akamrudishia Maya jina lake, Mbuke. Kocha akamgeuza kuwa mjomba wake, na walipoanza kubusiana alisimama mbele ya skrini mpaka yakaisha. Na Mbuke alipovuka mstari, kibanda kizima kikipiga makofi, Kashindye alisema: “Msishangilie. Hiyo ni ndoto yake, kiu imempanda kichwani. Mwenyewe ameketi pale nyuma, na wenzake wameketi.” Mabomba yalipopasuka akasema: “Hayo maji wanamwagiwa mbele yao ili wainuke. Hawakuinuka.”

Wa nne ni Getruda. Alilipa kiingilio, akakaa benchi la mbele, akatazama. Baada ya wiki chache akakimbia mbio za kata. Alikuwa mbele ya wote, na wa kwanza ndiye anayechukuliwa na timu ya wilaya, na kutoka huko huenda sekondari ya bweni bila karo. Alipokaribia mstari akaketi. Aliyemfuata akasimama, akamtazama, akaketi. Mwalimu wa michezo alipuliza filimbi mpaka akapaliwa. Wa mwisho alipofika akaketi pia, na hapakuwa na shule ya kupewa ndoo. Timu ya wilaya ilichukua msichana wa kata nyingine.

Hao ndio wanne.

“Tusichoshane,” alisema diwani. “Kila mtu aseme neno lake.”

Bwana Mkwizu alianza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na gari la kukodi la kurudisha. “Mimi namheshimu sana mzee wangu hapa. Lakini tuseme ukweli, kitabu kilikuwa kimelala. Mimi nimekipa miguu.”

“Miguu kilikuwa nayo,” alisema Mwalimu Mihayo. “Ulichokipa ni nywele.”

“Mzee, watu hawalipi kutazama wenye kiu.”

“Kwa hiyo ukawapa maji.”

“Nikawapa matumaini.”

“Ulimpa mmoja. Wale wengine umewaacha wapi? Mtaa wa yule aliyeshika mkia ulikunywa nini?”

Bwana Mkwizu alitabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kuulizwa na watu wasiokata tiketi. “Hiyo ingekuwa filamu nyingine, mzee wangu.”

“Ndiyo,” alisema Mwalimu. “Ingekuwa ya kwangu.”

Kashindye alicheka, kisha akakumbuka aliko, akakohoa. Mwalimu alimgeukia. Huyu naye hakuwa amempendeza. Alikuwa ameambiwa kwamba ndani ya kibanda kile mkuu wa nchi isiyo na jina alipewa sauti ya mbuzi, na kwamba Mbuke alimtukana.

“Ramadhani Kashindye.”

“Naam, Mwalimu. Shikamoo.”

“Marahaba. Nani alikupa ruhusa ya kuingiza maji katika hadithi yangu?”

“Maji niliyakuta, Mwalimu. Yalikuwa kwenye picha. Ningeyapeleka wapi?”

“Ungenyamaza.”

“Nikinyamaza, Mwalimu, wanadai kiingilio chao.”

“Na matusi je? Mbuke wangu hatukani.”

“Wako hatukani. Lakini benchi la nyuma lilikuwa linasinzia.”

Diwani alimgeukia Getruda, ambaye alikuwa amekaa kwenye dawati lake mwenyewe kama mtu anayesubiri hesabu zianze. “Wewe mwanangu, kitabu ulikisoma?”

“Hapana.”

“Filamu uliielewa?”

“Kiingereza sikijui.”

“Sasa kilichokukalisha chini ni nini?”

Msichana alifikiri. “Yale maji. Yanamwagika na hawainuki. Nilipouona ule mstari nikayakumbuka.”

Mwalimu Mihayo alitazama nje ya dirisha. Jambo hilo halikuwa katika kitabu chake. Wakubwa wake yeye walifunga maji tu, hawakufikiria kuyamwaga mbele ya wenye kiu. Wala halikuwa katika filamu, ambamo yalikuwa maji ya kuchezea. Lilikuwa limezaliwa kibandani, kwa kuketi alikokutunga yeye, mabomba ya mpuuzi yule, na mdomo wa Kashindye. Na lilikuwa bora kuliko mwisho alioandika. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na hakumwambia mtu.

“Basi tupige kura,” alisema diwani. “Kila mmoja ataje jina la mwenzake. Kujitaja mwenyewe hakuna.”

Bwana Mkwizu alimtaja Getruda. Alisema jina la mtoto litapendeza kwenye picha.

Kashindye alimtaja Mwalimu. “Asingenisomea, ningesema nini?”

Getruda alimtaja Kashindye. Alisema ndiye aliyemsikia.

Ikabaki kura ya Mwalimu. Kwanza aliuliza kura zikifungana itakuwaje, kwa sababu ni mtu asiyependa kuingia mahali bila kujua mlango wa kutokea.

“Mkifungana moja moja,” alisema diwani, “jina litakuwa la aliyeanzisha, yaani aliyetunga. Uwanja wa Leonidas Sizya Mihayo. Nimeyapanga majina sawasawa?”

“Umeyapanga sawasawa.”

Wote walipiga hesabu pamoja, na Bwana Mkwizu aliimaliza wa kwanza, akaegemea kiti. Mwalimu akimtaja Getruda, uwanja ni wa Getruda. Akimtaja Kashindye, uwanja ni wa Kashindye. Lakini akimtaja Faraji Mkwizu, kila mmoja atakuwa na kura moja, na uwanja utakuwa wake yeye. Ili jina lake lisimame pale, lisiliwe na mchwa wala kugeuzwa Leonard, ilimbidi atamke mbele ya watu kwamba aliyestahili ni yule aliyemwinua Mbuke na kumpa mpenzi.

“Sema tu, mzee wangu,” alisema Bwana Mkwizu kwa upole. “Mimi sitakuchukia.”

“Sina shaka. Umezoea miisho ya namna hiyo.”

“Lakini maji yalikuwa yangu, mzee. Hata mtoto kasema.”

Mwalimu alimtazama Kashindye, ambaye alikuwa anachezea kofia yake. Alimtazama Getruda, ambaye sasa angekuwa anajiandaa kwenda bweni, badala ya kusikiliza wazee wakigombea mahali alipoketi yeye. Kisha akamwomba diwani ampe hadi Jumamosi. Diwani, ambaye hapendi mkutano kuzaa mkutano, alikubali kwa shingo upande. Fundi wa kibao cha jina aliambiwa asubiri.

Sasa nawaulizeni ninyi mliosikia. Asingetunga wa kwanza, wa pili asingekuwa na cha kuharibu. Asingeharibu wa pili, wa tatu asingekuwa na maji ya kumwaga. Asingesema wa tatu, wa nne angevuka mstari akaenda zake bweni. Asingeketi wa nne, wale watatu wa kwanza wangebaki na kitabu, filamu na kibanda, na wasichana na ndoo zao. Kura ya Mwalimu iko mkononi mwenu: mnamtaja nani, na mkimtaja Mkwizu, mnamtaja kwa haki au kwa tamaa? Semeni.

Mwalimu Leonidas Sizya Mihayo alifariki Ijumaa ya wiki hiyo, kabla hajapiga kura.