Chungu cha Kuombea Moto

Kisa hiki nilipewa na mtu ambaye naye alipewa, na kila aliyekipitisha ametia chumvi yake kidogo, kwa hiyo msinibane sana. Kisome hadi mwisho kabla hujamrushia mwenzako. Na kama umezaliwa enzi za gesi na kibiriti cha dukani, muulize mama yako kwanza nini maana ya kuomba moto.

Palikuwa na wilaya moja ya milimani, ziwa liko chini na mawingu yako juu. Mvua ya kule hunyesha hata siku ambayo haikualikwa. Wilaya hiyo ilikuwa na majumba mawili ya makumbusho. La kwanza lilikuwa ufukweni, jipya, la vioo na vigae. La pili lilikuwa juu mlimani, chumba kimoja cha matofali ya kuchoma ambacho zamani kilikuwa ghala la kahawa.

Ikatoka amri kwamba wilaya haiwezi kulea makumbusho mawili. Atatumwa mkaguzi, atazame kote kuwili, achague moja. Litakalochaguliwa libaki. Litakaloachwa lifungwe, na lori lije kubeba vitu vyake vyote hadi bohari ya mjini.

Wenyeji waliijua bohari ya mjini. Vitu huingia kule vikiwa na majina, na baada ya miaka mitatu huwa vimebaki na namba tu. Kwa hiyo tangu siku ile watu wa pande zote mbili walikaa roho juu.

Mkaguzi aliitwa Bi Tusekile, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mkali wa kalamu, aliyebakiza miezi michache kustaafu. Kwao ni ng'ambo ya ziwa hilo hilo. Lakini alikuwa hajakanyaga kwao kwa miaka thelathini na mmoja, tangu alipofariki mama yake. Msiba ulimkuta masomoni, mbali. Alipofika matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa, nyumba imefagiliwa, watu wametawanyika. Hakulia, maana hakuona wa kulia naye. Akageuka na basi la kesho yake. Tangu hapo kila likizo ilikuja na udhuru wake.

Hayo ya likizo na udhuru wengi wetu tunayajua, tusimcheke.

Alianzia ufukweni. Mlinzi wa makumbusho yale, kijana mmoja msafi aitwaye Ipyana, alimpokea na shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono. Kila kitu kilikuwa ndani ya kabati la kioo, kila kabati na kibao chake, na sakafu ilimeta. Bi Tusekile alizunguka akijaza alama nzuri kwenye fomu yake.

Kwenye kabati la mwisho akasimama. Ndani kulikuwa na chungu kidogo cha kuenea viganja viwili, cheusi kwa masizi, mdomo mpana, na matundu yamekizunguka tumboni. Kibao kilisema: Chombo cha matambiko. Karne iliyopita. Usiguse.

Chungu kama kile kilikuwa nyumbani kwao, juu ya uchaga wa jikoni. Alikuwa na hakika. Lakini kilikuwa cha nini? Alisimama pale kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Akamuuliza Ipyana ni matambiko gani hayo. Ipyana, kwa kuwa hakuwa mwongo, alimwambia kwamba hakuna aliyejua. Kitu kikiwa na matundu na mjuzi wake hayupo, wataalamu huandika matambiko, na hakuna anayebisha. Bi Tusekile akaomba akishike kidogo tu. Ipyana akamwonyesha kile kibao kwa adabu, akaongeza kuwa hata hivyo ufunguo anao mwenyekiti wa kamati ya makumbusho.

Siku ya pili Bi Tusekile alipanda mlimani. Mlezi wa makumbusho ya kule alikuwa Mwalimu Asegelile, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Vitu vile alivikusanya mwenyewe kwa miaka kumi na tisa, vingine akivibeba mgongoni kutoka vijiji vya mbali. Alimpokea mgeni akiwa amevaa mabuti ya mvua, akasukuma mlango.

Rafu zilikuwa karibu zote tupu. Mahali pa kila kitu kilichokosekana palikuwa na kipande cha katoni chenye mwandiko wa mwalimu. Jiwe la kusagia: liko kwa Mama Bupe, lake limepasuka. Ngoma: imekwenda harusini, itarudi Jumatatu. Kigoda cha chifu: kwa Mzee Kajuni, anaumwa mgongo.

Bi Tusekile alifungua daftari la mali, akahesabu. Vitu vilivyoandikwa vilikuwa arobaini na vitatu. Vilivyokuwa mle chumbani vilikuwa vitano.

"Mwalimu, mimi hapa nikague nini?"

"Vitu vipo, Bi Mkaguzi," alijibu mzee. "Ila havipo hapa."

Mama wa watu akakasirika, na alikuwa na haki. Akamweleza wazi kwamba kwa kanuni za kazi yake kitu ambacho hakionekani kimepotea, kwamba ataandika hivyo, na kwamba akiandika hivyo jumba limefungwa na lori linakuja. Mwalimu Asegelile alilisogeza daftari mbele yake. Kisha akamwomba jambo moja tu: achague kitu chochote katika daftari, aongozwe hadi kilipo, akione kwa macho yake. Halafu aandike apendavyo.

Bi Tusekile alishusha kidole kwenye orodha. Kilipofika mstari wa kumi na saba kikagoma kushuka. Pameandikwa: Chungu cha kuombea moto.

Akasema anataka hicho. Mwalimu alikuna kidevu, akasema hicho leo kina kazi, lakini twende.

Wakaenda hadi jikoni kwa Bibi Atuganile, mfinyanzi mkongwe wa kijiji. Njiani mwalimu alimweleza mgeni desturi ya pale. Nyumba ikifiwa, siku ya kuanua matanga moto wa mle jikoni huzimwa kabisa, majivu yakamwagwa nje. Moto mpya hutoka kwa jirani. Na anayeubeba ni lazima awe mtu ambaye hakulia katika nyumba ile, asije akayarudisha machozi pamoja na makaa. Siku hiyo walikuwa wanaanua matanga kwa Mama Lugano, aliyefiwa na mumewe.

Bibi Atuganile alikuwa ameinama anapanga makaa ndani ya chungu. Kilikuwa cha namna ile ile ya ufukweni, kidogo, kipana mdomo, na matundu tumboni. Akainua macho akamtazama mgeni.

"Huyu alilia kwa Mama Lugano?"

"Hapana," mwalimu alisema. "Kafika leo."

"Basi Mungu katuletea. Maana kijiji kizima tumelia, marehemu alikuwa mtu wa watu. Shika, mwanangu, hivi."

Akamkunjia majani ya mgomba viganjani, akamkabidhi chungu. Chini yake, mahali ambapo kwenye kabati la kioo hapaonekani, kulikuwa na mabonyeo matatu ya vidole. Vidole vya Bi Tusekile viliingia humo bila kutafuta njia.

Ndipo yakamrudia yote. Alijiona ana miaka sita, miguu peku kwenye majani yenye umande, anakwenda kwa jirani na chungu mkononi huku akiyarudia maneno aliyofundishwa na mama yake: Shikamoo, mama anawasalimu, kanituma moto. Matundu yalikuwa ya kuyapa makaa pumzi. Na jirani hakuwa akitoa kaa hata moja kabla hajauliza, kwenu hawajambo? Nawe ulilazimika kueleza. Nani anakohoa, nani kasafiri, mbuzi kazaa wangapi. Hakuna aliyepata moto bila kutoa habari za kwao. Ndiyo maana mtu akiugua asubuhi, jioni kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumjulia hali.

Enzi zile, ndugu zangu, tulikuwa hatuna kitu, na hakuna aliyeugua peke yake. Leo kila mtu ana kibiriti chake.

Alitembea na moto ule hadi mlangoni kwa Mama Lugano, mwalimu na Bibi Atuganile wakimfuata nyuma. Hakuna aliyekuwa amemfundisha la kusema, lakini maneno yalikuja yenyewe. Akabisha hodi, akasema ametumwa na majirani kuleta moto.

Mama Lugano alitoka, mjane aliyefunga kanga kiunoni, amekonda kwa siku arobaini za msiba. Akaitikia kama desturi inavyotaka.

"Karibu. Kwenu hawajambo?"

Bi Tusekile alifungua mdomo aseme hawajambo, kama watu wote wasemavyo. Haikutoka.

"Mama yangu alikufa," alisema. "Sikumlilia."

Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa namna ya kungoja jibu. Mama Lugano alipokea chungu, akaingia, akayatandaza makaa katikati ya mafiga, akapuliza hadi yakashika. Kisha akarudi, akamshika mgeni mkono, akamkalisha mkekani. Wanawake waliokuwa mle wakasogea kumpa nafasi. Mkaguzi wa wilaya akamlilia mama yake mbele ya watu asiowajua, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotulia alikichukua chungu akatoka nacho uani. Kilikuwa bado cha moto. Akakiweka juu ya jiwe ili apanguse uso, na jiwe lilikuwa limelowa mvua.

Pa! Kikapasuka vipande viwili.

Binti yeyote wa kule anajua kwamba chungu cha moto hakiwekwi penye maji, huwekwa juu ya kata ya majani makavu. Yeye naye alilijua zamani, mji ukamsahaulisha. Alisimama pale amekauka. Mtu aliyetumwa kukagua kama vitu viko salama alikuwa amevunja namba kumi na saba kwa mikono yake mwenyewe.

Mwalimu Asegelile aliviangalia vile vipande, akatoa penseli mfukoni, akamgeukia Bibi Atuganile, aliyekuwa ameketi pale uani.

"Bibi, hiki kilikuwa cha ngapi?"

"Cha tano," Bibi alisema bila hata kuinuka. "Nitafinyanga kingine Jumanne. Au chukua kwa Mama Bupe, anavyo viwili."

Bi Tusekile hakuelewa. Akauliza kiko wapi basi chungu chenyewe, kile cha kale.

"Cha kale kilivunjika mwaka wa pili," mwalimu alisema. "Nililia kama mtoto. Siku hiyo ndiyo tuligundua kuwa anayejua kufinyanga kingine amebaki Bibi huyu peke yake. Tangu hapo nikaacha kuvifungia. Sasa wanaojua ni wanawake tisa."

Walirudi ghalani. Bi Tusekile alikaa chini ya rafu tupu, akatoa fomu. Palikuwa na nafasi ya jina moja tu, la jumba litakalobaki. Akaandika: Makumbusho ya Ufukweni.

Mwalimu aliyasoma yale maneno akiwa amesimama nyuma yake. Aliinama akaanza kuokota katoni moja moja kutoka kwenye rafu.

Mkaguzi akamwomba azirudishe, maana hajamaliza kuandika. Mstari wa chini ulikuwa unauliza: Vitu vya kuhamishiwa bohari kutoka jumba lililofungwa. Akaandika: Hakuna. Vyote viko kwa wenyewe, vinatumika. Akatia sahihi.

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasoma upya. "Ndaga fijo," alisema, ndiyo asante sana ya kwao.

Lakini ofisi ni ofisi, lori halikosi kuja. Lilikuja baada ya wiki mbili kuhakikisha. Hata vile vitu vitano vilivyokuwa vimebaki, siku hiyo vilikuwa vimeazimwa. Dereva alizunguka nyumba kwa nyumba akivitafuta, na kila nyumba ilimkaribisha kula. Jioni alirudi mjini na mkungu mmoja wa ndizi, wa zawadi. Amri ya kufunga jumba nayo ilitekelezwa kadiri ilivyowezekana, kwani mlango ule haukuwahi kuwa na kufuli.

Bi Tusekile alipita tena ufukweni. Alikaa na Ipyana kutwa nzima akimweleza, na kijana yule, kwa heshima yake, akaandika kibao kipya kwa mkono wake: Chungu cha kuombea moto. Ukitaka kukishika, sema kwanza habari za kwenu. Siku hizi ufunguo unaning'inia kwenye msumari kando ya kabati, naye mwenyekiti amekwisha kuzoea.

Kisha mama yule alivuka ziwa akaenda kwao, chungu kipya cha Bibi Atuganile kikiwa mapajani. Hakuingia kwanza nyumbani. Alikwenda kwa jirani wa marehemu mama yake, ajuza ambaye bado alikuwa hai, akasimama mlangoni, akaomba moto. Ajuza alimtazama sana, kisha akamuuliza habari za huko alikokuwa.

Wanasema jibu lilichukua siku mbili.

Funzo: Cha wazee hakihifadhiwi kwa kufungiwa, huhifadhiwa kwa kuazimana na kufundishana. Na wewe uliyezoea udhuru kila likizo, nenda ukaombe moto kwenu wakati bado yupo wa kukuuliza habari.