Nani Achukue Mtamba wa Mwadime?

Sogeeni karibu na mnisikilize vizuri, maana hukumu nitawaachia ninyi.

Katika hospitali moja ya milima ya Taita walikuwapo watu watatu. Muuguzi Wakesho aliiona hatari kabla haijabisha hodi. Mwakio wa maabara aliisoma damu kama wengine wasomavyo barua. Daktari Mghoi alikuwa na mkono wa kupasua usiotetemeka.

Siku moja akaletwa Mzee Mwadime, utumbo mpana umejaa vidonda, haja yake damu tupu. Wakesho alipomwona, moyo ulimwaka. Huyu ndiye aliyeghushi hati akamnyang'anya mama yake Wakesho shamba, mama akafia chumba cha kupanga.

Hata hivyo alimpima, akamuuliza, "Steroidi, hizi dawa za kutuliza uvimbe, umezimeza muda gani, Mzee?"

"Mwezi wa saba huu, binti yangu."

Neno "binti" lilimchoma. Akaandika: dawa za muda mrefu, damu pungufu, protini chini, kilo kumi na mbili zimepotea. Akampelekea daktari.

"Ukiukata utumbo na kuuunga siku hiyo hiyo, kiungo hakitashika na tumbo litajaa usaha. Na hata usipouunga, apimwe damu kila asubuhi. Dawa zile huficha homa."

"Wakesho, huyu si adui yako?"

"Ndiye. Ndiyo maana nataka apone. Maiti haishtakiwi."

Daktari Mghoi akamsikia. Akautoa utumbo mbovu bila kuunga kitu, akamtobolea tundu la haja tumboni.

Siku ya nne Mzee alikuwa akicheka na wageni, mwili hauna homa. Mwakio akaja mbio na majibu ya damu ya asubuhi. "Msidanganywe na kicheko! Maambukizi yameanza ndani."

Daktari akamrudisha chumba cha upasuaji, akautoa usaha. Mzee akapona.

Siku ya kuruhusiwa alitangaza kuwa atampa aliyemwokoa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mtamba mmoja tu.

"Bila mkono wangu angezikwa," akasema daktari.

"Bila damu niliyoisoma, mkono wako ungekaa mfukoni," akajibu Mwakio.

Wakesho akamwekea Mzee mapajani samansi ya mahakama kuhusu shamba la mama yake. "Nimekuponya nikuone kizimbani."

Mzee akaisukuma karatasi kando. "Huyu asipewe hata kwato! Ameniokoa kwa chuki!"

"Lakini nimekuokoa," akasema Wakesho. "Ya moyoni niachie mwenyewe."

Basi wasikilizaji, watu ni watatu na mtamba ni mmoja. Je, wewe ungempa nani? Na chuki ya Wakesho, ungeihesabu au ungeiacha?