Pazi na Spika za Sultani Haidari

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majini kuoa binadamu, bali zamani ya karibu tu, umeme ulipokwisha kufika Mwambakuu na senema kuingia majumbani mwa wenye uwezo, palikuwa na Sultani jina lake Haidari. Sultani huyu hakuwa mtu mbaya. Hakukata kichwa cha mtu wala hakumnyang'anya mtu shamba. Ila yake ilikuwa moja, kwamba jambo likimwingia moyoni halimtoki, na mwaka huo lililomwingia moyoni lilikuwa spika.

Ikawa amejenga ukumbi wa senema ndani ya jumba lake, una viti vya mahameli na pazia jeupe lililoenea ukuta mzima, kila kitu kikawa tayari isipokuwa sauti. Spika ndogo za kutundika ukutani hakuzitaka hata kuziona. Alitaka zile ndefu zinazosimama sakafuni zenyewe kama walinzi wawili, moja kulia na moja kushoto. Basi Waziri wake, Mselemu, akaagiza. Zikaja nyeusi zinazong'aa, Sultani akawasikiliza farasi wa kwenye filamu, akasema, "Hawa si farasi, hivi ni vifuu vinagonganishwa." Zikaja za mti wa mninga; akamsikiliza mwanamke aliyekuwa akilia, akasema, "Huyu analilia ndani ya pipa." Zikaja zenye kimo cha mtu mzima, zikanguruma hata vikombe vikatembea juu ya meza, akasema, "Sasa nalisikia tumbo langu, sauti siisikii."

Aliyekuwa akizifunga spika hizo zote ni fundi Ambari, ambaye katika mji mzima ndiye peke yake aliyejua mambo ya umeme, na ndiye aliyeitunza pampu ya maji ya mji. Siku ilipofungwa jozi ya saba Sultani akaghadhibika, akanena, "Ewe Ambari, kasoro si ya spika, kasoro ni yako. Utakaa humu humu, katika ghala la nyuma ya ukumbi, hata nipate spika zitakazoniridhisha." Ambari akafungua kinywa aseme neno, Waziri akamkatiza, naye akatiwa ghalani. Hakupigwa, na alipewa godoro na wali. Lakini mlango ulifungwa kwa nje, na siku zikapita, zikawa arobaini na moja.

Sasa palikuwa na mtu mmoja, Pazi, hana kazi, hana kitanda. Alilala barazani kwa fundi Ambari na kula chakula cha mke wa fundi, Bi Mwanakheri, na alichotoa yeye kilikuwa maneno ya kuchekesha. Watu walimwita mpumbavu kwa kuwa kila analoambiwa alilichukua vile vile lilivyosemwa. Jirani mmoja aliwahi kumwambia amwangalizie maziwa motoni. Maziwa yakachemka, yakafurika, yakazima na moto, naye Pazi ameketi kimya anayatazama. Alipogombezwa akajibu, "Bibi, nimeyaangalia tangu mwanzo hata mwisho, sikupepesa jicho."

Basi katika siku hizo arobaini na moja pampu ya maji ikaharibika, wala hapakuwa na wa kuitengeneza. Wanawake wa Mwambakuu wakawa wanateremka bondeni mara tatu kwa siku na kupanda na ndoo kichwani. Bi Mwanakheri akapanda na kushuka kama wenziwe, na kila apatapo nafasi huiweka ndoo chini, hujifunga buibui na kwenda kwenye lango la jumba kumwombea mumewe. Siku moja alirudi akaketi barazani karibu na Pazi, wala hakuvua viatu.

"Shemeji," akasema, "leo ni mara ya kumi na moja. Bawabu hata kuinuka hakuinuka. Kaniambia, Sultani yumo ukumbini, wala haingii mtu humo, huingia spika tu."

Pazi akaacha kutafuna. "Kasema huingia spika tu?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi, shemeji, mbona ametuonyesha njia?"

Bi Mwanakheri akamtazama, akadhani huu ni mzaha, na siku hiyo hakuwa na nafasi ya mzaha. Lakini Pazi alikwisha kusimama. Akaenda hata sokoni, pale ulipobandikwa waraka wa Sultani, akamwomba karani mmoja amsomee, na akiisha amsomee tena. Waraka ulisema hivi: Atakayeleta spika za kusimama, zitakazotoa sauti isiyo mfano wa mtu bali mtu khasa, isiyoongezwa neno wala kupunguzwa neno, atapewa alitakalo. Na atakayeleta upuuzi ataungana na fundi ghalani.

"Mtu khasa," akasema Pazi. "Imeandikwa hivyo?"

"Na muhuri juu yake," akajibu karani.

Basi Pazi akarudi nyumbani mbio, akayatoa makabati mawili marefu ya nguo ya Bi Mwanakheri, yale aliyopewa alipoolewa. Akaing'oa milango, na mahali pa milango akawamba kitambaa cheusi chepesi. Nyuma ya kila moja akafunga kamba ndefu. Kisha akamweleza Bi Mwanakheri shauri lake lote. Yule mama akashika kichwa.

"Pazi, tukijulikana tutafungwa sote watatu."

"Tukifungwa, shemeji, utafungwa na mumeo. Na mimi wali wa ghalani nimesikia una nazi." Kisha akaacha kucheka, akasema kwa upole, "Wewe sema yako tu. Usiongeze neno, usipunguze neno. Waraka ndivyo unavyotaka."

Asubuhi ya pili mahamali wanne wakayabeba makabati hata langoni, Pazi yuko mbele, uso ameukunjua kama mtu aendaye harusini. Bawabu akauliza, "Nini hivi?" Pazi akajibu, "Umesema huingia spika tu." Bawabu akafungua.

Ukumbini Waziri Mselemu akazizunguka spika zile mara mbili, mikono nyuma, kwa kuwa ndiye aliyejulikana kuwa mjuzi. Akaigusa ya kulia, akajaribu kuisukuma, isisogee. "Nzito," akasema kwa kuridhika. "Spika njema huwa nzito." Akaigusa ya kushoto, nusura ianguke. "Na hii mbona nyepesi?"

"Hiyo, bwana Waziri, haijatiwa kitu chake."

"Na waya huu je?"

"Hiyo ni kamba ya katani, bwana."

"Naam, katani," akasema Waziri, akimgeukia Sultani. "Katani hulainisha sauti, Maulana. Siku hizi wajuzi wote huitumia."

Pazi akainamisha kichwa. Tangu langoni hakuwa amesema uongo hata mmoja, na sasa akaona hata haja hana, maana uongo umepata mwenyewe.

Sultani Haidari akaketi kitini pake, akavuta joho lake, akanena, "Ewe Pazi, nimesikia habari zako. Ukinicheza shere, ghala lina nafasi. Haya, iwashe."

"Maulana, spika hii haina kitufe. Huwashwa kwa kuambiwa iseme. Na sharti lake ni moja, isikatizwe. Ukiikatiza hunyamaza, na haisemi tena."

Sultani hakuzoea kupewa sharti, lakini hamu ilimshinda. Akasema, "Sema."

Kukawa kimya. Pazi akawaza kwamba Bi Mwanakheri amezimia mle ndani. Kisha sauti ikatoka, ndogo, ya mwanamke aliyechoka.

"Mimi ni mke wa mtu," ikasema. "Mume wangu aliondoka nyumbani asubuhi, akaacha chai yake nusu kikombe, akasema atarudi adhuhuri. Kikombe kile sikukiosha siku tatu."

Sultani akainuka kidogo kitini. Macho yake yakamtoka. Akaielekezea spika sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Nikasikia amefungiwa. Hakuiba, hakupiga mtu, alifungiwa kwa sababu bwana mkubwa mmoja hakupendezwa na sauti za filamu. Pampu imeharibika, maji hayatoki mjini, maana mume wangu ndiye ajuaye pampu. Tunateka bondeni. Jirani yangu ana mimba ya miezi minane, naye hupanda na ndoo, akifika nusu ya kilima huketi akalia, kisha huinuka. Na mimi bado napika chakula cha watu wawili, mkono umezoea. Cha pili hula mtu wa barazani."

Hapo sauti ikakwama. Ikasikika pumzi, na kamasi ikivutwa, na kwikwi moja iliyozuiwa isitoke.

"Ameiweka kwikwi mahali pake khasa!" Sultani akamnong'oneza Waziri, na huku machozi yanamlengalenga.

"Nimekwenda lango la bwana huyo mara kumi na moja," ikaendelea sauti. "Sikwenda kumtukana. Nilitaka anisikilize kadiri ya mtu kunywa maji. Sikuruhusiwa. Basi haya ndiyo niliyotaka kusema. Nimemaliza."

Sultani akapiga mkono wa kiti. "Wallahi, huyu si mfano wa mtu! Huyu ni mtu khasa! Nimeona jozi saba, sijapata kusikia hivi."

"Umeapa, Maulana?" akauliza Pazi.

"Nimeapa. Lakini niambie, kisa hiki kinakwishaje? Huyo bwana mkubwa anamfungua mume wake au hamfungui?"

"Kisa hakijesha, Maulana. Mwisho wake haujatengenezwa. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kuutengeneza, ungeukataje?"

"Mimi?" akasema Sultani, damu ikimchemka kwa hasira za haki. "Mimi ningemwamuru yule dhalimu amfungue maskini yule leo hii, kabla ya adhuhuri! Na amwombe mama huyu radhi kwa kinywa chake. Kumfunga mtu kwa ajili ya sauti za filamu! Ni nchi gani hiyo?"

Waziri akakohoa. Sultani akazitazama spika, akauliza kwa sauti iliyopungua nguvu, "Na hii ya kushoto, mbona tangu mwanzo haikusema kitu?"

"Spika hizi ni jozi, Maulana," akajibu Pazi. "Moja ya mke, moja ya mume. Ya mke umeisikia. Ya mume haisemi, kwa sababu cha kutiwa ndani yake umekifungia ghalani."

Sultani akasimama, akaenda polepole hata kwenye spika ya kulia, akakishika kile kitambaa cheusi kwa vidole viwili, akakivuta. Akamwona Bi Mwanakheri amesimama mle ndani, macho mekundu, amejibana kama khanga zilizokunjwa. Wakatazamana.

Pazi akafumba macho, akingoja neno la kumpeleka ghalani.

"Mama," akasema Sultani, "ni wewe uliyekuja langoni mara kumi na moja?"

"Ni mimi, Maulana."

Sultani akainama, si sana, lakini akainama. "Niwie radhi. Hukumu nimekwisha kuitoa mwenyewe, nami sitakata rufaa." Akageuka, akaiona ile kamba ya katani, akaiinua, akamtazama Waziri wake. "Hulainisha sauti, eh?" Waziri akatazama dari. "Basi, Mselemu, wewe na punda wote wa jumba langu mtateka maji bondeni na kumpelekea kila mwenye ndoo, hata pampu itakapotengenezwa. Na kamba ya kuwaongozea punda ndiyo hii, ishike."

Fundi Ambari akafunguliwa. Alipomwona mkewe akamshika mkono, naye Bi Mwanakheri akamwambia amekonda, ingawa kwa kweli alikuwa amenenepa. Sultani akamwuliza, "Ambari, niambie kweli. Ila ya zile jozi saba ilikuwa wapi?"

"Spika hazina ila, Maulana. Uliamuru zibanwe pembeni kabisa, ziguse ukuta. Spika ikibanwa ukutani hunguruma kama mtu aliyetia kichwa mtungini. Zivutwe mbele hatua mbili, zigeuzwe kidogo zikutazame, na kiti chako kirudi nyuma."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifungua kinywa, Maulana."

Sultani akamgeukia Pazi. Kisha akasema, "Pazi, waraka ni waraka. Utakalo ni nini?"

Pazi akafikiri. "Maulana, watu wamefungwa na kufunguliwa kwa ajili ya senema, nami sijaiona hata siku moja. Nataka kujua ni kitu gani."

Basi Ambari akachukua zile spika nyeusi za kwanza, akazivuta mbele, akazigeuza, akarudisha kiti nyuma, na Pazi akaketishwa ubavuni mwa Sultani juu ya mahameli. Taa zikazimwa. Farasi wakapita, nao wakawa farasi. Mwanamke akaimba, akawa yuko pale pale katikati, hata Sultani akanyoosha mkono kama atakayemgusa. Halafu katika filamu wingu likatanda, ngurumo ikaanzia mbali kushoto ikaviringika hata kulia, na mvua ikashuka.

Pazi akaruka kitini. "Shemeji, mpunga!" akapiga kelele, "mpunga tumeuanika nje!" Akaparamia magoti ya Sultani, akatoka ukumbini, akampita bawabu, akaenda mbio hata nyumbani. Sultani akakimbilia dirishani. Nje jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la kupangusia kioo, na Pazi anaonekana kule chini anakusanya mikeka, ameubeba mpunga kichwani, anaingia ndani kwa kuinama kama mtu anayenyeshewa.

Sultani Haidari akacheka hata kilemba kikamdondoka. "Hizi ndizo!" akasema, akifuta machozi. "Asiziguse mtu! Ndizo hizi!"

Pampu ikatengenezwa siku ile ile kabla ya alasiri, na Pazi akapewa kanzu mpya na chumba chenye kitanda, ingawa aliendelea kulala barazani. Watu wa Mwambakuu wakabishana miaka mingi kama siku ile alidanganyika kweli au alijua alilokuwa akilifanya. Mwenyewe kila alipoulizwa alitoa jibu moja, na hakuliongeza neno: mpunga haukulowa.