Mvushaji na Mtu Aliyeitwa Mgeni

Palikuwa na mtu aliyeitwa Jilo, ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha watu mtoni. Mtumbwi wake ulikwenda ng'ambo na kurudi, ng'ambo na kurudi, tangu ndevu zake zilipoanza kuota hadi zilipoingia mvi. Alivusha wachungaji na mbuzi wao, wagonjwa, maharusi, na wenye kwenda kuzika. Hakuwahi kumzamisha mtu. Lakini mto wenyewe aliujua upana tu. Kila siku maji yalimpita yakishuka, naye hakuwahi kuuliza yaendako.

Kisha daraja likajengwa. Watu wakapita juu, na Jilo akabaki chini na mtumbwi usio na abiria. Majirani walidhani atakufa kwa uchungu, kumbe moyoni mwake kulikuwa kumeingia kitu kingine kabisa, nacho ni hamu ya kujua. Akapakia unga, sufuria na chandarua, akauelekeza mtumbwi upande ambao haukuwahi kuelekezwa, akayaacha maji yamchukue. Alisema atashuka hadi mto unapoingia baharini.

Mji mdogo wa kwanza aliofikia ulikuwa wa wafyatua matofali. Kabla hajaifunga kamba, watu walikuwa wameshateremka ukingoni, mikono yao myekundu kwa udongo, wakamsaidia kuuvuta mtumbwi. Wakampa uji na samaki wa kukaanga, wakamtandikia mkeka penye kivuli. Jilo alikuwa na maswali tele. Udongo huu mnautoa wapi? Tanuri linawaka muda gani? Mamba hawawasumbui? Wakamjibu yote kwa subira, halafu nao wakamwuliza yao. Walitaka jina lake na la baba yake. Walitaka kujua watu wa huko kwao wanaimba nini wakizika, nani kazaa mwaka huu, nani kagombana na nani wakapatana. Jilo akaona ajabu. Akajibu alichoweza, na hakikuwa kingi.

Mbele, mahali mto unapojikunja, palikuwa na mji wa wakulima wa mpunga, na huko nako alipokewa vivyo hivyo. Asubuhi alipotaka kuondoka, mtu mmoja aliyekuwa akifukuza ndege shambani aliiacha kazi yake, akaingia mtumbwini, akaketi mbele na kumwelekeza njia ya kuwakwepa viboko. Hatari ilipopita, akashuka ili arudi kwao kwa miguu. Jilo akamwuliza kwa nini amejisumbua hivyo kwa mtu asiyemjua. Yule mkulima akacheka kidogo, akasema kwamba jana wamekula sahani moja na amezisikia habari zake, sasa asimjue vipi? Jilo akaenda akilitafuna jibu hilo mwendo mrefu, na hakulimaliza.

Ikawa hivyo kila alipofunga kamba. Akaanza kuyazoea maswali ya watu, hata akayangoja. Mwisho akafika mji ambako maji ya mto, bahari inapojaa, huanza kuwa na chumvi. Huko alimpokea mjane mmoja, mfuma mikeka, jina lake Habona. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kwenda mbali na mlango wake. Alimpakulia wali na samaki wa nazi, akamwacha ale mpaka ashibe na kunawa, maana mgeni haulizwi akiwa na njaa. Ndipo akamwuliza kazi yake, naye akamwambia. Habona akauweka chini mkeka aliokuwa akiufuma.

"Kama wewe ndiwe mvushaji wa kule juu, baba, basi mwanangu alipita mikononi mwako," akasema. "Anaitwa Komora. Alikwenda kutafuta kazi mwaka ule wa mafuriko, na njia ya huko haikuwa na kivuko kingine. Alikuwaje siku ile? Alipoteremka alielekea wapi?"

Jilo alitafuta akilini mwake, akaukuta mwaka wa mafuriko. Aliyakumbuka maji yalivyokuwa mekundu. Alikumbuka gogo lililotaka kuupindua mtumbwi, na mzigo wa mahindi ulioloa. Nyuso hakuzikuta. Angeweza kumdanganya mama yule kwamba kijana alikuwa mzima na mwenye furaha, na uongo huo ungempa usingizi. Hakuweza. Wali wa mama huyo ulikuwa ungali tumboni mwake.

"Mama," akasema, "nilimvusha. Lakini sikumwona."

Habona hakumlaumu. Alimshukuru kwa kusema kweli, akauchukua tena mkeka wake, ila vidole vyake vikawa vinakosea ukindu, vinafumua na kuanza upya.

Kulipokucha, Jilo akaifungua kamba. Bahari ilikuwa karibu, harufu yake ilimfikia. Akaugeuza mtumbwi, akaanza kupanda mto.

Kushuka na mto ni rahisi, kuupanda ni kazi. Alikwenda akiambaa kingoni, akiusukuma mtumbwi kwa upondo, viganja vikavimba, vikapasuka. Katika ile miji watu waliteremka tena kumlaki, wakashangaa kumwona amerudi bila kuiona bahari. Sasa yeye ndiye aliyeanza kuuliza. Akauliza habari za Komora mwana wa Habona, na kila mtu akaitikisa kumbukumbu yake kwa ajili yake, lakini hakuna aliyepata kumwona. Wale wa matofali wakampa mafuta ya kupaka viganja, wakamwambia akaulize huko kwake kivukoni, maana ndiko kijana alikokwenda.

Basi akafika kwake, akauliza. Aliulizia njiani, aliulizia sokoni, mpaka mama mmoja mwuza chai karibu na daraja akamwambia kwamba ng'ambo, kwenye shamba la migomba, yuko kibarua mmoja aliyetokea huko chini mtoni. Ameishi hapo tangu mafuriko. Jina lake? Mama yule akafikiri, akasema kwamba wao humwita Mgeni tu. Shamba lenyewe lilikuwa karibu. Miaka yote hiyo, Jilo akiwa gatini pake, aliuona moshi wa jiko la mtu huyo kila asubuhi.

Akavuka. Akamkuta mtu mzima amempa mgongo, anakata majani makavu ya migomba. Jilo akasimama mbali kidogo, akaita, "Komora."

Panga likaanguka. Yule mtu hakugeuka upesi, kama asiyeyaamini masikio yake. Alipogeuka, akamtazama Jilo usoni.

Wakaketi chini. Komora akamweleza kwamba alinuia kurudi nyumbani siku atakapokuwa na cha kubeba, na siku hiyo ikawa haiji. Miaka ikaenda. Mwisho akaona kwamba mtu asiyeulizwa na yeyote hana kwao. Jilo akamwambia kwamba mama yake yu hai na anamwulizia kwa kila apitaye. Kisha akamwomba radhi, maana yeye ndiye aliyemvusha, na uso wake haukumbuki.

"Mimi wako naukumbuka," Komora akasema. "Siku ile nilikuwa naogopa maji. Nilikutajia jina langu na la mama yangu. Ukaniambia nikae katikati, nisiutikise mtumbwi."

Jilo akainamisha kichwa, akalia. Kesho yake akashuka tena na mto, na Komora ameketi mbele yake. Njia nzima Jilo alimwuliza mambo, na alipojibiwa alinyamaza akasikiliza. Walipofika, Habona alizisikia sauti zao, akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Mwanawe akapiga magoti mlangoni. Mama akampapasa uso polepole, paji, pua na kidevu, kisha akamgombeza kwa kukonda.

Ndugu zangu, mtumbwi wa Jilo haukuwahi kuzama, na tulimsifu kwa hilo. Lakini huyo aliyeketi kando yako sasa hivi, anaitwa nani, na ni nani anayemngoja?